Sura ya Nne: Siku Arobaini za Siri

Sura hii haisomwi mikono mitupu. Tafuta daftari la hesabu lenye miraba, penseli iliyochongwa na kifutio. Kompyuta iache kwanza; tutaiwasha baadaye, penseli ikishafanya kazi yake.

Wapo wengi wanaoweza kukueleza usimbaji fiche ni nini, wakamaliza maelezo yao nawe bado hujui kuficha hata jina lako. Sisi tutakwenda kwa njia nyingine. Kwa kila mbinu tutakayoigusa utafanya mambo matatu. Utausimba ujumbe, yaani utaugeuza usisomeke. Utausimbua kwa ufunguo ulionao, urudi ulivyokuwa. Kisha utachukua ujumbe ambao ufunguo wake hunao, uuvunje. Hatua mbili za kwanza anaziweza mtoto wa darasa la tano. Ya tatu ndiyo inayofundisha, maana hapo ndipo unapoona kwa nini mbinu moja iliachwa ikashikwa nyingine.

Ukishavunja mbili tatu utagundua kwamba zote zinaanguka kwa namna moja. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Hawakusema anakamatwa kwa ujinga. Anakamatwa kwa sababu amerudi. Siri nazo ni vivyo hivyo. Tutakayoyaona humu, kuanzia barua za Roma hadi programu za simu, yameponzwa na kitu kilichorudiwa: herufi, neno, ufunguo au ukurasa. Msimbaji kazi yake ni kutorudia. Mvunjaji kazi yake ni kumngoja arudie.

Herufi zinazojitangaza

Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Julius Caesar, alipotaka kuandika la siri, alisogeza kila herufi nafasi tatu mbele: A ikawa D, B ikawa E, hadi mwisho. Andika alfabeti yote ya herufi 26 kwenye mstari mmoja wa daftari. Q na X tuziache humo, ingawa Kiswahili hakina kazi nazo. Chini yake andika alfabeti hiyohiyo ukianzia D, na ukifika Z urudi A. Sasa simba neno KISIWA. Ukipata NLVLZD, umepatia.

Kuuvunja mfumo huu hakuhitaji akili nyingi. Alfabeti inaweza kusogezwa kwa namna 25 tu, na mtu mwenye penseli atazijaribu zote kabla chai haijapoa. Basi tuuimarishe. Badala ya kusogeza, tuvuruge: A iwe T, B iwe M, C iwe J, bila mpangilio wowote. Idadi ya majedwali yanayoweza kutengenezwa hivyo inazidi 4 ikifuatwa na sufuri 26. Ukijaribu moja kila sekunde, jua litazimika hujamaliza. Kwa hesabu hiyo mtu angeapa kwamba mfumo umekamilika.

Aliyeonyesha kwamba haujakamilika ni al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Katika risala yake juu ya kufumbua maandishi yaliyofichwa alitoa shauri moja jepesi: chukua maandishi ya kawaida ya lugha ileile, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi, uzipange kwa wingi. Fanya hivyohivyo kwa maandishi yaliyofichwa. Kisha zilinganishe orodha mbili. Jedwali linabadilisha sura ya herufi, lakini halibadilishi tabia yake.

Kiswahili kina tabia zilizo wazi mno. Chukua sentensi ya kawaida: "Nitafika bandarini kesho asubuhi na mapema." Ina herufi 37. A zimo 8, I zimo 5, N zimo 4. Hesabu ukurasa mzima wa gazeti na utaona sura ileile: A inaongoza kwa mbali, karibu herufi moja katika kila tano. Kwa Kiingereza inayoongoza ni E, tena haimwachi mwenzake kwa umbali huo. Tabia ya pili ni kwamba maneno yetu huishia kwa irabu. Mtu akiacha nafasi kati ya maneno, amekwisha kukuonyesha irabu zake zilipo.

Haya, tuvunje. Hizi hapa herufi tulizozikamata:

THTH HUHWPRH ZHTHRP DH UHGP

Zihesabu. Jumla ni 23, na H peke yake imetokea mara 9. H ni A, hilo halina ubishi. Maneno yameishia kwa H au P tu, kwa hiyo P nayo ni irabu, na irabu inayoifuata A kwa wingi huwa I. Andika hayo mawili juu ya herufi zake kwa penseli hafifu.

Neno la kwanza sasa ni _A_A, na mapengo yote mawili ni herufi moja. Kiswahili kinakupa watu wa nyumbani: mama, baba, dada, kaka. Usichague bado. Neno la pili ni A_A_I_A. Anayezungumza Kiswahili akiona A mwanzoni na A nyingine nafasi ya tatu, atasikia "ana-": anapika, anafika, anazika. Basi U ni N. Na kwa kuwa U ni N, neno la nne, DH, haliwezi kuwa "na". Litakuwa "wa", "ya", "la" au jamaa zao. Neno la tatu ni _A_A_I, na herufi yake ya katikati, T, ndiyo ileile iliyo ndani ya _A_A. Jaribu baba: _ABA_I. Jaribu dada: _ADA_I. Jaribu mama: _AMA_I. Herufi iliyobaki kabla ya I ni R, ambayo pia imo ndani ya "ana_i_a", na katika anapika na anafika ni K. Samaki! Mama anapika samaki wa nazi.

Angalia umefanya nini. Hukujaribu ufunguo hata mmoja kati ya ule utitiri. Umetumia mambo mawili tu: herufi moja ilificha A kila mara, nawe unakijua Kiswahili. Ukilinganisha sasa, utaona kila herufi ilisogezwa nafasi 7 tu, lakini hata lingekuwa jedwali lililovurugwa kabisa lingeanguka vilevile.

Kuhamisha badala ya kubadilisha

Njia ya pili ya kuficha haibadilishi herufi. Inazihamisha. Watu wa pwani wanaijua tangu zamani kwa jina la kinyume, mchezo wa kusema neno kwa kuanza na silabi yake ya mwisho. Nyumba inakuwa mbanyu, samaki anakuwa kisama. Askofu Edward Steere, aliyeishi Zanzibar katika karne ya 19, aliweka mifano yake katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Anayesema kinyume kwa kasi humpoteza mgeni kabisa, lakini aliyezoea humfuata bila shida, maana kanuni ni ileile kwa kila neno.

Ili kanuni isiwe ileile, tuipe ufunguo. Chagua neno lisilo na herufi iliyojirudia, mfano KISU. Zipe herufi zake namba kwa kufuata alfabeti: I ni 1, K ni 2, S ni 3, U ni 4. Sasa andika ujumbe "Meli inaondoka usiku" chini ya neno hilo, herufi nne kila mstari:

K I S U
M E L I
I N A O
N D O K
A U S I
K U

Soma safu wima kwa kufuata namba zake: kwanza safu ya I, kisha ya K, ya S na ya U. Zikate tano tano kama walivyofanya watu wa simu za upepo: ENDUU MINAK LAOSI OKI. Anayeupokea akiwa na neno KISU atahesabu herufi 18, atachora miraba yake, atajaza safu kwa mpangilio huo na kusoma.

Asiye na neno hilo ataanza na al-Kindi, naye al-Kindi atamwambia jambo lisilotarajiwa: hesabu ya herufi ni ya Kiswahili cha kawaida. Hakuna kilichobadilishwa, basi kumehamishwa. Atazikata herufi vipande vya safu na kuvipanga ubavu kwa ubavu. Akiweka MINAK kulia kwa ENDUU, mistari itasomeka EM, NI, DN, UA, UK. Kiswahili hakina DN; jaribio limekufa. Akivibadilisha, atapata ME, IN, ND, AU, KU, na zote zinatamkika. Kwa kusogeza vikaratasi mezani namna hiyo, ujumbe hujikusanya wenyewe.

Kata vikaratasi kweli. Mwambie mwenzako akusimbie sentensi kwa neno la herufi tano, asikwambie neno hilo. Nusu saa ya kusogeza vikaratasi itakufundisha kuliko kurasa hizi.

Kilindini, 1942

Mbinu hizi mbili, kubadilisha na kuhamisha, zikiwa pekee ni dhaifu. Zikiunganishwa zinakuwa kitu kingine, na mfano mzuri uko karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na kikosi cha kuvunja siri za jeshi la majini la Japani. Kilianzia Mashariki ya Mbali, kikahama Singapore kwenda Colombo, na Wajapani walipoishambulia Colombo Aprili 1942, kikahamishiwa Mombasa. Huko Kilindini kiliwekwa katika shule ya wavulana wa Kihindi ya Allidina, inayotazama Bahari ya Hindi. Mawimbi ya redio kutoka mashariki yalifika yakiwa dhaifu, na ujumbe mwingi ulipotea njiani. Uliobaki waliuandika karatasini, tarakimu baada ya tarakimu.

Miongoni mwa siri walizokuwa wakizisaka ni ule mfumo wa meli za biashara za Japani ulioitwa JN-40. Wavunjaji waliamini kwamba ni kitabu cha maneno ya siri yaliyojumlishwa na namba nyingine juu yake, kama mifumo mingine ya Wajapani waliyoizoea. Kwa dhana hiyo hawakufika popote. Septemba 1942, kosa la Wajapani wenyewe liliwapa John MacInnes na Brian Townend fununu kwamba dhana ilikuwa mbovu. JN-40 haikuwa na kujumlisha kokote. Kulikuwa na jedwali la vipande 100, kila kipande na tarakimu zake mbili, kisha tarakimu hizo zikahamishwa kwa safu, kama ulivyofanya sasa hivi na neno KISU.

Ubaya wa mchanganyiko huo uonje mwenyewe. Tuseme silabi MA ni 47. Ukiiandika kwenye miraba, 4 inaangukia safu moja na 7 safu nyingine, na safu zikisomwa wima, 4 inakwenda huku na 7 kule. Al-Kindi akija kuhesabu, hana cha kuhesabu: anachokiona ni nusu za herufi zilizotengana na wenzake. Huwezi kuzihesabu kabla hujazirudisha pamoja, na huwezi kujua umezirudisha sawasawa kabla hujazihesabu. Simba jina lako kwa namna hiyo uone linavyosambaratika.

Lakini mlango ukishapatikana, nyumba nzima imepatikana. Kufikia Novemba 1942 kikosi cha Kilindini kilikuwa kinasoma ujumbe wote wa nyuma wa JN-40, na kuuvunja mpya ulipokuwa unaingia. Katika wiki mbili zilizofuata walivunja mifumo mingine miwili. Meli za Japani zikaanza kufuatiliwa baharini kutokana na karatasi zilizokuwa juu ya meza za shule ya Mombasa.

A moja, sura tatu

Turudi nyuma kidogo. Kama tatizo la jedwali ni kwamba A inafichwa na herufi ileile kila mara, dawa ni kuwa na majedwali kadhaa na kupokezana. Giovan Battista Bellaso wa Italia alieleza njia hiyo mwaka 1553, ingawa ulimwengu ukaipa jina la Mfaransa Blaise de Vigenère. Unachukua neno la ufunguo, na kila herufi yake inakwambia usogeze nafasi ngapi. Neno NGE, kwa mfano: N ni nafasi 13, G ni 6, E ni 4. Herufi ya kwanza ya ujumbe isogeze 13, ya pili 6, ya tatu 4, ya nne 13 tena.

Simba SAMAKI KWA SAMAKI. Utapata FGQNQM XCE FGQNQM.

Ndani ya SAMAKI KWA, A imejitokeza kama G, kama N na kama E. Hesabu ya herufi haisaidii tena, na kwa takriban miaka 300 watu waliamini mfumo huu hauvunjiki. Lakini tazama vizuri ulichokiandika. FGQNQM imetokea mara mbili, na kutoka mwanzo wa ile ya kwanza hadi mwanzo wa ya pili ni nafasi 9. Neno lilelile limeangukia sehemu ileile ya ufunguo kwa sababu ufunguo umekuwa ukizunguka. Basi urefu wa ufunguo ni namba inayoigawa 9: yaani 3, au 9 yenyewe. Ukijua ni 3, unazigawa herufi mafungu matatu, na kila fungu ni Caesar mtupu. Ofisa wa Prussia, Friedrich Kasiski, alilichapisha shambulio hili mwaka 1863.

Ufunguo mfupi unarudi, na kurudi kwake ndiko kunakousaliti. Je, tukiufanya usirudi kabisa? Uwe mrefu sawa na ujumbe wenyewe, uchaguliwe kwa nasibu, utumike mara moja na kuchomwa moto. Mwaka 1949 Claude Shannon wa Marekani alichapisha uthibitisho wa kihesabu kwamba mfumo huo hauvunjiki, leo wala kesho, hata kwa kompyuta yenye uwezo usio na mwisho. Sababu yake unaweza kuiona mezani: kwa ufunguo mmoja herufi ulizozikamata zinasema "njoo hapa", kwa ufunguo mwingine zinasema "baki huko", na funguo zote mbili zina haki sawa.

Usumbufu wake ni uzito. Ukitaka kutuma kurasa elfu za siri, sharti kwanza umpelekee mwenzako kurasa elfu za ufunguo kwa mkono. Wasovieti waliutumia katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1942, kazi ilipozidi, baadhi ya kurasa za funguo zilichapishwa mara mbili. Wamarekani waliziona, katika kazi iliyokuja kuitwa Venona. Fanya jaribio dogo uone kwa nini kosa hilo ni zito. A ihesabu kuwa 0, B kuwa 1, hadi Z 25. S ni 18 na M ni 12. Zisimbe zote kwa ufunguo mmoja, 9: S inakuwa B, ambayo ni 1, M inakuwa V, ambayo ni 21. Sasa toa: 1 toa 21, ukizunguka alfabeti, ni 6. Na 18 toa 12? Ni 6. Ufunguo umejifuta wenyewe. Kilichobaki ni tofauti kati ya jumbe mbili za kweli, na hicho kinafumbuka kwa subira.

Ndani ya simu

Sasa washa kompyuta, lakini daftari lisiende mbali.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliweka sharti linalofuatwa hadi leo: mfumo usitegemee kufichwa kwa njia yake. Adui aijue njia yote, na bado asiweze kitu bila ufunguo. Ndiyo maana mfumo unaolinda sehemu kubwa ya intaneti, AES, umechapishwa wazi tangu 2001. Uliundwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na yeyote anaweza kuusoma hatua kwa hatua.

Ukiusoma, utashangaa kumkuta mtu unayemjua. AES inachukua baiti 16 za ujumbe na kuzipanga katika miraba minne kwa minne. Kila baiti inabadilishwa kwa jedwali la nafasi 256. Kisha mistari inahamishwa pembeni, na safu zinachanganywa kwa hesabu. Halafu ufunguo unaongezwa, na kazi inaanza upya. Jedwali, kisha kuhamisha: ni ndugu wa ule mchanganyiko wa Kilindini, ila kwa ufunguo wa biti 128 unazungushwa mara 10, na kuhamisha kumeundwa kwa hesabu inayohakikisha kwamba biti moja ikibadilika mwanzoni, athari yake inaenea katika matokeo yote.

Urefu wa ufunguo nao una maana yake. Mtangulizi wake, DES, uliopitishwa Marekani mwaka 1977, ulikuwa na biti 56, yaani funguo zipatazo 72 ikifuatwa na sufuri 15. Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation liliunda mashine iliyoupata ufunguo kwa kujaribu tu, ndani ya saa 56. Biti 128 zinatoa funguo kama 34 ikifuatwa na sufuri 37. Hapo kujaribu si njia tena.

Hata hivyo AES inaweza kutumiwa vibaya, na ubaya wake ni uleule. Andika faili yenye herufi A 32 na usichanganye na kitu kingine. Isimbe kwa programu ya bure kama openssl, ukichagua AES kwa mtindo wa ECB, ambao unasimba kila baiti 16 peke yake. Tazama matokeo: vipande viwili vya kwanza vinafanana herufi kwa herufi. Jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2013 kumbukumbu za watumiaji zaidi ya milioni 100 wa Adobe zilivuja. Nywila zao zilikuwa zimesimbwa kwa ndugu wa DES, kwa mtindo huohuo na ufunguo mmoja, na pembeni mwa nyingi kulikuwa na dokezo aliloliandika mwenye nayo. Ufunguo haukuhitajika. Waliokuwa na nywila moja walionekana pamoja kama fungu moja, na madokezo ya mia kati yao yalitosha kuitaja. Rudia jaribio lako kwa mtindo wa CBC, unaochanganya ujumbe na namba mpya ya nasibu kila mara, na ule mfanano utatoweka.

Kukubaliana siri mbele za watu

Limebaki swali ambalo penseli zote za kale zilishindwa nalo. Mimi niko Mwanza, wewe uko Lamu, hatujawahi kuonana, na kila tunachoandikiana kinasomwa. Ufunguo wetu tutaupata wapi? Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha jibu, na jibu lenyewe linafanyika kwenye daftari.

Hesabu yake ni ya saa ya ukutani. Saa kumi ukiongeza saa tano hupati kumi na tano. Unapata saa tatu, kwa sababu ukifika kumi na mbili unaanza upya. Sisi tutazunguka kwenye 17, ambayo ni namba tasa. Ukizidisha, gawa kwa 17 na ushike baki tu. Tukubaliane hadharani juu ya namba mbili: 17, na 3 ya kuzidisha.

Mimi nachagua namba yangu ya siri, 5. Nazidisha 3 mara tano: 243, baki 5. Nakutumia hiyo baki, 5, kila mtu aione. Wewe unachagua 7. Unazidisha 3 mara saba: 2,187, baki 11. Unanitumia 11. Sasa mimi nachukua 11 yako na kuizidisha kwa yenyewe mara tano: 161,051, baki 10. Wewe unachukua 5 yangu na kuizidisha mara saba: 78,125, baki 10. Tumekutana kwenye 10, na 10 haikutumwa popote. Aliyetusikiliza ana 17, 3, 5 na 11, na akitaka 10 sharti agundue 3 ilizidishwa mara ngapi.

Kwa namba ndogo hizi atagundua mara moja. Andika baki za 3 zikifuatana: 3, 9, 10, 13, 5, 15, 11, 16, 14, 8, 7, 4, 12, 2, 6, 1, kisha 3 tena, na mzunguko unaanza upya. Mzunguko una hatua 16 tu. Katika matumizi ya kweli ya hesabu hii, namba tasa ina tarakimu zaidi ya 600, na mzunguko wake hauwezi kutembewa na kompyuta yoyote iliyopo. Programu kama WhatsApp na Signal zinatumia kanuni hiyohiyo juu ya hesabu ya aina nyingine, na zinabadilisha ufunguo kwa kila ujumbe, hivyo aliyeiba ufunguo wa leo asubuhi hafungui mazungumzo ya jana.

Diffie na Hellman hawakutuambia jambo moja: aliye upande wa pili ni nani. Anayeweza kukaa katikati anaweza kukubaliana 10 yake nawe, na nyingine na mwenzako, akapitisha ujumbe kati yenu huku akiusoma. Ndiyo sababu WhatsApp inaweka namba ya usalama ya tarakimu 60 katika taarifa za kila mtu unayeandikiana naye. Fungua ya ndugu yako leo, mlinganishe mkiwa uso kwa uso. Ni zoezi la dakika moja, na ni wachache wanaolifanya.

Na ile orodha ya baki uliyoiandika, iangalie mara ya pili. Umeona ilivyorudi kwenye 3? Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, ikijengwa ikiwa kubwa vya kutosha, ingeutumia mzunguko huo kugundua haraka 3 ilizidishwa mara ngapi, hata namba iwe na tarakimu 600. Haijajengwa, lakini mwaka 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikwisha kuchapisha viwango vya kwanza vya mifumo inayokusudiwa kuhimili siku hiyo. Hata hesabu yetu iliyo bora kuliko zote ilikuwa inarudia. Ilirudia mbali tu, pale ambapo hakuna jicho lililofika.

Mazoezi

1. Hesabu herufi za aya moja ya gazeti la Kiswahili na aya moja ya Kiingereza zenye urefu sawa. Panga tano za kwanza kwa kila moja. Rudia kwa shairi, useme vina vimebadilisha nini.

2. Simba sentensi ya maneno kumi kwa njia ya Bellaso ukitumia ufunguo wa herufi tatu, kisha wa herufi kumi na mbili. Mpe mwenzako zote mbili. Ataivunja ipi, na kwa nini?

3. Fanya mapatano ya Diffie na Hellman na mwenzako kwa namba tasa 23, mkizidisha 5. Mtu wa tatu asikilize na ajaribu kuwatangulia.

4. Umeunda mfumo wako mwenyewe na hakuna rafiki aliyeuvunja? Uandike njia yake yote, uwape pamoja na kurasa kadhaa zilizosimbwa kwa ufunguo mmoja. Wakishindwa hata hivyo, bado usiutumie kwa siri ya kweli: AES imeshambuliwa hadharani na mabingwa wa dunia kwa zaidi ya miaka 20, wako umeshambuliwa na darasa moja.

5. Safu zifuatazo zimehamishwa kwa neno la herufi nne, kiungo kilichomo katika sufuria ya yule mama tuliyemvunja: UOAAU GPIIF UYLKN MKS

6. Hili halina dokezo. Penseli, na Kiswahili chako: WKTS IKUSWGKQSUK RKIKJYVOUS